Swali la Kumi na Nne

Kwako Mpwa wangu, mtafiti wa shahada ya uzamivu katika uchumi na usimamizi wa maendeleo endelevu,

Kwa heshima na taadhima, ninarejesha dodoso ulilolituma katika karakana yangu ya useremala.

Uliuliza ni kiasi gani cha mbao hupotea. Kwa kuwa sikujua, nimepima maranda kwa mwezi mzima. Mkazamjomba wako alinicheka: "Mzee, miaka thelathini unayafagia, leo ndiyo unayapima?" Kumbe katika kila mbao tatu, moja huishia sakafuni! Tangu hapo ninajiuliza hata maswali ambayo hukuyauliza.

Swali la kumi na nne pekee ndilo lililonishinda: "Nani ataiendesha karakana baada yako?" Sikukusudia kukutia wasiwasi, ila jicho langu la kulia haliuoni tena mstari wa penseli, na la kushoto limeanza kumfuata mwenzake.

Nimeandika jina lako, wewe uliyeshika randa kabla ya kalamu. Nimeliandika kwa penseli, kwa kuwa si adabu kumjibia mtu.

Naomba uamuzi wako: nilipitishie wino, au nilifute?

Mjomba wako,
Seremala