Wanaume Waliouchungulia Ukurasa Wangu wa Udi

Na lile swali lako, Salma mjukuu wangu, kwamba utawajuaje wateja wa keki zako, sikulijibu kwenye simu kwa sababu mume wangu aliniita chai. Mume, Salma! Bibi yako bado bi harusi hapa Mkunazini, na sote wazima, alhamdulillahi.

Wiki ile tuliyooana nilitaka kuufunga ukurasa wangu wa udi. Watu walitazama picha, hakuna aliyenunua. Babu yako mpya akafungua takwimu za ukurasa, akacheka.

"Bibie, wengi wanaokutazama ni wanaume. Tena siku ya Alhamisi."

"Ala! Si nshaandika wanaume wasiingie?"

"Basi wakuulizeje bei?"

Mambo ya chumbani nimezoea kuyasema na wanawake tu. Nilisahau kwamba hata waume hupenda kuwapelekea wake zao udi wa kufukiza usiku wa kuamkia Ijumaa. Nikalifuta lile katazo, nikaandika, "Mpelekee mkeo." Jioni ile ile simu ikaanza kulia. Nilishusha pumzi, nikamkumbatia kipenzi changu.

Nawe tazama nani anakuchungulia, na siku gani. Mwezi huu hautaisha kabla hatujafika kwako Dodoma, mimi naye, tumeshikana mikono.