Mto wa Emile

Baba mpendwa,

Zikufikie salamu zetu huko baharini, juu ya hivyo vyuma vyenu vya kuchimbia mafuta. Natumaini kikohozi kimekuachia, na kwamba mpishi mpya ameacha kuwalisha wali mbichi. Sisi kwa mwili hatujambo. Bibi goti linamsumbua kila mvua ikikaribia, lakini kwaya hajaacha, na kila Jumapili anamlalamikia mchungaji kwamba anahubiri mpaka vyungu vya watu vinaungua. Chuo changu kimenipa ruhusa hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nipo nyumbani na ninaona mambo kwa macho yangu.

Bibi ametuambia umebadilishana zamu, na kwamba hutakuja Ijumaa ijayo, mechi ya mwisho ya nyumbani, ambapo wanaomaliza shule huingia uwanjani wakiwa katikati ya wazazi wao. Alisema ulimwambia huwezi kutembea mbele ya watu pembeni ya kijana aliyeuza mechi. Mdogo wangu Emile alikuwa mlangoni akasikia. Alienda kufua jezi yake, ambayo ilikuwa safi.

Baba, unanijua. Maneno hukaa ndani yangu mpaka yanachacha. Haya yameshachacha.

Msimu mzima mji huu umemfanya mwanao mzaha kwa sababu katika huu mpira wetu wa Kimarekani, wa kurusha na kudaka kwa mikono, anasimama mbali na mpokeaji wa wapinzani anayepaswa kumkaba. Hiyo nafasi anayoiacha wanaiita mto, kama ule wa kulalia, na wewe ndiwe uliyenifundisha neno hilo nikiwa mdogo. Sasa kwa kinyozi wanamwita Bwana Mto. Mama Robichaux alinisimamisha dukani, mkono umejaa soseji, akaniuliza kama tumwongezee mdogo wangu na blanketi, maana majira ya baridi yanakuja. Watu wakacheka mpaka muuzaji akasahau kunirudishia chenji. Na Jumamosi asubuhi Bibi alikuta mito ya kulalia imetupwa barazani, mmoja umeandikwa “Lala unono.” Bibi aliiosha akaigawa kanisani. Mimi ningeichoma.

Anayewasha moto huu kila wiki ni Mzee Guidry, mtangazaji wa mechi redioni. Mpokeaji yeyote akishika mpira upande wa Emile, hata akiangushwa papo hapo, utamsikia akipiga kelele, “Mto huo jamani, mwenye nyumba kamtandikia mgeni!” Ninyi huko baharini mnacheka pamoja naye. Hakuna anayeuliza kwa nini.

Mimi niliuliza. Jumatatu moja, tukila maharage mekundu, nilimwambia Emile anieleze kama anavyomweleza mtu mzima mwenye akili, asinifiche kwa heshima. Akaniambia, dada, sikiliza. Kocha Thibaut amemtoa mlinzi wa mwisho huko nyuma, amemleta mbele azuie wanaokimbia na mpira, kwa sababu vijana wetu wa mbele ni wepesi kama karatasi. Nikimganda mpokeaji akanipita, nitaona mgongo wake tu, na nyuma yangu hamna mtu. Nikisimama mbali, namwona yeye na namwona mrushaji wao anayemtupia mpira. Atapata mpira mfupi, sawa, apate. Nakuja namwangusha, tunaanza upya. Namwachia kidogo ili asichukue chote.

Nikamwuliza kwa nini kocha halisemi hilo hadharani. Akacheka, akasema kocha akilisema atakuwa ametangaza kwamba nyuma hakuna mtu, na kila mrushaji wa wilaya atakuja kuturushia mipira mirefu huko nyuma. Kwa hiyo mwanao alikuwa akitukanwa kwa kutii, na aliyemwamuru alikuwa akinywa kahawa na wale wale wanaomtukana. Nilimfuata Kocha Thibaut hadi ofisini kwake nikamwambia hivyo. Alinijibu kwamba mimi nina vitabu na yeye ana mechi. Nilitoka nikaubamiza mlango wake.

Sasa nakuja kwenye mechi dhidi ya Port Laurent, ile tuliyopoteza, ile uliyomwambia Bibi kwamba Emile alilala. Wewe uliisikia kwa redio. Mimi nilikuwa kwenye viti vya saruji, upande ule ule wa Emile, na nitakueleza nilichokiona.

Mpokeaji wao anakimbia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Emile alimwachia nafasi mechi nzima, na yule kijana hakufunga hata mara moja. Nyuma yangu walikuwa wakiimba, “Mpe shuka! Mpe shuka!” Kisha dakika za mwisho, tukiwa tunaongoza, nikamwona Emile anasogea. Akasogea tena. Akasimama pua kwa pua na yule kijana. Kocha alikuwa akipunga mikono yote miwili, akipiga kelele arudi nyuma, mpaka kofia ikamdondoka. Emile hakugeuka. Mpira ulipoanza, yule kijana alijifanya anaingia ndani, Emile akamfuata, yule akabadilika akatoka nje, na kilichobaki mbele yake kilikuwa nyasi tupu mpaka kwenye mstari wa kufungia.

Mzee Guidry alikuwa ameinama kwenye bakuli lake la supu. Nilimwona. Aliinua kichwa mtu akiwa ameshapita, akatangaza alichozoea kutangaza: mto mwingine, kijana kalala fofofo. Na wewe ukaamini.

Hakukuwa na mto, Baba. Ule ulikuwa mpira pekee wa msimu huu ambao Emile aliucheza karibu.

Nimemwuliza kwa nini. Alikataa kwa siku kadhaa. Mwishowe alinipa simu yake nisikilize ujumbe wa sauti uliomwachia wewe Alhamisi ile, siku moja kabla ya mechi, akaniapisha nisikuambie. Navunja kiapo hicho nikiwa na akili timamu. Nilisikia sauti yako ikisema hukuzaa mtu wa kukimbia kinyumenyume, na kwamba kesho yake amsogelee mtu wake mpaka asikie anachotafuna, la sivyo asikuite baba yake.

Alikutii wewe, akamwasi kocha. Kocha amemwondoa kwenye kikosi cha kwanza. Mji unamlaumu kwa kuwa mbali, na wewe unamwonea haya kwa kosa ulilomtuma. Yeye amenyamaza ili usijue kwamba ni wewe.

Sikuandikii nikuombe uombe radhi. Hilo ni lako na Mungu. Ijumaa Bibi atamshika mkono mmoja, goti au si goti. Mkono wa pili nimeambiwa niushike mimi, nami nimekataa. Nimesema mkono huo una mwenyewe, nawe unamjua.

Mpigie kabla hujapanda helikopta ya kuja nyumbani. Usimwambie asimame wapi. Mwulize tu amekula nini.

Bibi anakusalimu na anasema uvae soksi nzito. Wasalimie wenzako wa zamu, hata waliocheka.

Ni mimi mwanao mwenye hasira na mapenzi,
Corinne