Kikombe Alichonywea Rispa

Mtaa wa Tena, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee Mama jikoni. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti la Mama limetulia sasa mvua zinapopungua huko Rungwe. Yule ng'ombe mweusi amezaa? Na paa la upande wa Bibi, kaka Ambokile amelitengeneza, au bado anasema kesho? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimekonda na usingizi ni wa taabu.

Naandika upesi ili habari zangu usizisikie kwanza kwa mkuu wa jimbo. Wazee wa kanisa la hapa wameamua nirudishwe nyumbani. Watasema nimeleta fujo mbele ya meza ya Bwana, tena nimegawa Chakula cha Bwana bila kuwekewa mikono. Yote mawili nimeyafanya. Lakini wewe ulikuwa mchungaji kabla mimi sijazaliwa, na nataka uyasikie kutoka kwangu, tangu mwanzo.

Unajua nilivyokuja huku nikidhani kwa kuwa ni Kiswahili, sitapata shida. Siku ya kwanza niliingia darasani, katika shule hii ya kanisa, nikasema, "Hamjambo, watoto?" Darasa zima likaitikia, "Poa, tichee!" Nikadhani wananitukana. Aliyeniokoa ni mwalimu wa chekechea, mama mmoja wa magharibi, kutoka upande wa ziwa, jina lake Rispa. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanieleza kwamba "tichee" ni mwalimu. Ni yeye aliyenionyesha maji ya kunywa yanakochotwa mifereji ikikauka, maana hapa Tena bomba linaweza kunyamaza wiki nzima. Ni yeye aliyenipeleka soko la Gikomba kununua sweta la mtumba. Nilipomwambia muuzaji "naomba lile la kijani," Rispa alinifinya mkono. "Usiseme naomba, mwalimu. Wakisikia naomba wanajua wewe ni mgeni. Sema leta."

Mumewe alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha sabuni huko Indastria, eneo la viwanda. Aliugua mwaka jana, akafa. Baada ya mazishi Rispa alirudi kazini na binti yao mmoja tu, Lilian, aliye darasa la saba kwangu. Haukupita muda Rispa naye akaanza kukohoa. Nguo zikamlegea. Vidonda vikamtoka pembeni mwa mdomo. Baba, nawe umezika vijana wa Kyela na wa Tukuyu mjini, wa barabara kuu ya malori, kwa hiyo sina haja ya kukueleza. Hapa hawautaji kwa jina. Wanasema tu "ule ugonjwa," na wanatazama pembeni.

Wazazi wa chekechea walianza kunung'unika. Mwalimu mkuu akamtoa Rispa kwa watoto, akamweka stoo kupanga vitabu, na baadaye akamwambia apumzike nyumbani hadi atakapoitwa. Hakuitwa. Lakini Jumapili alikuja kanisani bila kukosa, akakaa mahali pake kwenye kwaya, hata sauti ilipokwisha.

Sasa nikuambie ya siku ile. Hapa hawapigi magoti kuizunguka madhabahu kama kwetu. Wanapanga mstari, na kikombe ni kimoja. Rispa alikuwa mbele. Nyuma yake alikuwa Mzee Mutua, mzee wa kanisa, Mkamba, mchonga vinyago, mtu mpole ambaye nilipohamia chumba changu alinichongea kigoda na kukibeba mwenyewe ngazi zote. Nyuma yake watu wengine, kisha mimi.

Rispa alikunywa. Mchungaji akafuta ukingo wa kikombe kwa kitambaa cheupe, akafuta tena, akakizungusha, akakinyoosha kwa Mzee Mutua. Mzee Mutua akakitazama. Akainamisha kichwa, akarudi kwenye benchi lake. Mama aliyemfuata naye akatoka. Kisha mstari wote ukavunjika, Baba, watu wanajifanya kukohoa, wengine wanainama kama waliodondosha kitu. Mchungaji amebaki ameshika kikombe, na Rispa yuko pale pale, hajageuka, maana anasikia viatu vinavyorudi.

Sikufikiri. Nilitembea ule ujia wote wa kati ya mabenchi nikafika, nikasimama. Mchungaji alininong'oneza, "Mwalimu, unaweza kusubiri." Nikasema, "Nimeshafika, Mchungaji." Nikanywa. Nikuambie ukweli, niliogopa. Tulifundishwa kwamba haupiti kwa njia hiyo, nami nafundisha watoto hivyo hivyo, lakini wiki kadhaa baadaye nilikuwa nikiamka najipapasa shingo natafuta matezi.

Nilidhani Rispa angefurahi. Jioni nilimfuata kwake mtaa wa Umoja, chumba kimoja kwenye ploti yenye bomba moja la wote. Hakunikaribisha kukaa.

"Ulitaka nini?" akaniuliza. "Ulitaka waone wewe ni mtakatifu?"

"Nilitaka usibaki pale peke yako."

"Nilikuwa nataka kurudi polepole kwa kiti changu. Watu wangesahau. Sasa kila mtu amejua siku na saa Rispa alikataliwa." Akageukia ukutani. "Enda nyumbani, mwalimu."

Maneno yale yaliniuma kuliko yote ambayo wazee wameniambia tangu hapo. Nimeyapima mara nyingi na bado sijui kama alikosea.

Hakurudi kanisani tena. Kwa upande wangu, wazazi waliitisha mkutano. Mama mmoja alisimama akasema hataki mtoto wake asahihishiwe daftari na mikono yangu. Watoto walipungua darasani, leo wawili, kesho wengine, wakahamishiwa shule za Donholm. Mchungaji aliniita ofisini akaniambia nisimame mbele ya ushirika niseme nilikosa busara. Nikamwambia nitasema nilikosa busara, kama naye atasema kilichotokea kilikuwa nini. Jumapili iliyofuata kulikuwa na vikombe vidogo vya plastiki, kila mtu na chake.

Mzee Mutua alikuja kwangu siku moja mchana. Alikataa kuingia, akasimama mlangoni akizungusha kofia yake. "Mwalimu, usinione mtu mbaya. Niko na watoto. Mimi nikienda, nani atawalisha?" Nikamwambia simwoni mbaya. Akasema, "Mimi mwenyewe najiona," akashuka ngazi.

Rispa alipolemewa kabisa, aliyeniita ni Lilian. Alinisubiri langoni shuleni akasema, "Tichee, mathe hataki kula. Amesema ukuje." Basi nikaanza kwenda kila baada ya vipindi. Nilimwosha, nilimgeuza, nilifua shuka, na majirani walihamisha ndoo zao mbali na zangu pale bombani. Hatukuzungumza tena habari ya siku ile. Alinisimulia kuhusu kwao, jinsi mama yake alivyokuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, jinsi ambavyo yeye na mumewe walikutana kwenye kwaya. Kuna siku alicheka, nikaona meno yake yote, maana uso ulikuwa umekwisha.

Kisha akaomba Chakula cha Bwana. Nilikwenda kwa mchungaji. Alikuwa ameinama juu ya mahubiri yake. Alisema atakwenda, lakini kwanza Rispa atubu mbele ya wazee wawili. Nikamuuliza, atubu nini? Alikuwa mke wa mtu mmoja, wa ndoa ya kanisa hili hili. Akasema, "Mwalimu, kanisa lina utaratibu." Nikangoja siku kadhaa. Wazee wawili hawakupatikana. Hakuna aliyekubali kuingia chumba kile.

Nilipomwambia Rispa, aliitazama mikono yangu. Kisha akasema, "Wewe si ni mwalimu wa dini? Si unajua maneno?"

"Najua maneno, lakini sijawekewa mikono."

"Mikono yako imenishika kila mahali, mwalimu. Sasa hii ndiyo itakushinda?"

Baba, ilikuwa mchana, jua linaingia kwa lile dirisha dogo, redio ya jirani inapiga kelele. Nilikuwa na mkate wa dukani. Divai sikuwa nayo, na kitu pekee ambacho tumbo lake lilikubali kilikuwa chai isiyo na maziwa, ile wanayoiita strungi. Nikasema maneno kama nilivyokusikia ukiyasema tangu nikiwa mtoto, kwa kufuata sauti yako, na pale sauti yako inapopumzika nami nikapumzika. Nikalowesha kipande kidogo, akameza. Lilian alikuwa amekaa miguuni mwa kitanda. Hajapata kipaimara. Akanyoosha mkono. Ningemwambia nini? Nikampa. Nami nikala.

Majirani waliona mlango ukiwa wazi, na maneno yakafika kanisani kabla ya mimi kufika nyumbani.

Rispa alifariki siku chache baadaye, asubuhi, Lilian akiwa shuleni. Mimi ndiye niliyemwambia, katikati ya somo la sarufi. Nilimwita nje, akanitazama usoni, akasema, "Usiseme, tichee," nami nikasema.

Shemeji zake wawili walikuja kuchukua mwili kuupeleka magharibi. Mchungaji hakuja, alituma mwinjilisti kijana akasali kwa haraka nje ya lango la ploti. Mzee Mutua alikuja. Alibeba sanduku upande wa kichwa, akilia waziwazi, wala hakuna aliyemuuliza.

Niliwaomba shemeji wamwache Lilian kwangu amalize angalau shule ya msingi, maana mtihani huku ni wa darasa la nane, mwakani, na ana akili kuliko darasa zima. Mkubwa wao alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mama, wewe ni nani yake?" Nikasema, mwalimu wake. Lilian alipanda garini na mfuko wake wa shule. Hakuniaga. Aliangalia mbele tu.

Wiki iliyopita mwanamke mmoja wa kwao amerudi kutoka huko. Anasema Lilian hajapelekwa shule. Anawalea watoto wa shemeji mdogo, na analala jikoni, vyombo vyake vimewekwa mbali, kwa kuwa wanadhani naye anao.

Baba, ukiitwa kwenye kikao, usinitetee kwa sababu mimi ni mwanao. Sema unavyoona ni haki, hata kama ni dhidi yangu. Nisingependa uzee wako uchafuke kwa ajili yangu. Ila unijibu jambo moja: mchana ule, je, alipokea, au nilimdanganya mtu anayekufa? Swali hili silipatii jibu. Siku hizi nikipiga magoti natamka jina lake na la binti yake, kisha maneno yananiishia.

Nitakabidhi darasa mwisho wa mwezi. Lakini sitakuja moja kwa moja. Nitapitia kwao Lilian, nikamwombe tena bibi yake mzaa baba, ambaye nasikia bado ana sauti katika boma lile. Nimeambiwa huenda wakanifukuza kabla sijakaribishwa maji. Nitakwenda hivyo hivyo.

Nisalimie Ambokile na mkewe, na mtoto wao ambaye sijamwona. Msalimie Shangazi wa Masoko, umwambie kitenge chake nimekipata. Msalimie Mwinjilisti mzee na wanakwaya wa akina mama. Bibi umshike mkono kwa niaba yangu, najua hasikii tena.

Na Mama umwambie hivi: aandae kitanda kile cha pili, kwa kuwa huenda tukaja wawili. Lakini akiniona napanda kilima peke yangu, siku ile asiniulize kitu.

Ni mimi binti yenu, niliye mbali lakini ni wenu,
Tusekile