Maneno Mawili Katika Karatasi Yao

Salamabila, Jumapili

Mama Emmanuella,

Sabuni na muhogo mkavu vimefika. Kifua changu ni kilekile, usiulize.

Ile karatasi ya shamba letu la Lusangi uliyonitumia, ambayo wageni wanaotafuta dhahabu walikuambia ni ruhusa ya kupima tu, nimeisoma na Musafiri, mwenzangu wa shimo la dhahabu aliyesoma Kiingereza Uganda. Mstari wa tatu una maneno "give up". Maana yake ni kuacha kitu chako moja kwa moja. Akanipa mfano wa mulevi anayeacha pombe. Nikamwambia, "Ndugu yangu, shamba la baba halijaniumiza kichwa hata asubuhi moja." Akacheka hadi akakaa chini.

Kwa nini hawakuandika kwa Kifaransa? Walijua binti yetu angekusomea.

Karatasi yao nimeichana. Wakileta nyingine, usitie kidole. Wakisema mumeo amekubali, waonyeshe barua hii. Wakitaka jibu kwa Kiingereza, Musafiri amenifundisha: "We do not give up this field," yaani hatuliachi shamba hili. Emmanuella akusomee maneno hayo hadi uyashike. Uwaambie polepole, kisha uendelee kulima.

Mumeo, ambaye bado ana shamba,
Baba Emmanuella