Miguu ya Suud

Jumamosi, 5 Disemba 1970
Daktari kasema Suud acheze. Akimbie! Homa ya matumbo imekwisha, ila miguu imebaki njiti za kibiriti, na mtoto asipoitumia sasa itazoea kulala. Shangazi Masouda akaitikia "inshallah, inshallah" mpaka mlangoni. Kufika nyumbani, akamtandikia mwanawe godoro na kumwekea sahani ya halwa. Nikamuuliza, shangazi, ndiyo mbio zenyewe hizo? Akanitupia upepeo.

Nimeapa: Ijumaa Suud atakimbia. Unguja nani alinishinda mbio, skuli nzima? Hakuna! Niliishia darasa la sita, lakini kilichochoka ni kichwa, si miguu.

Jumapili, 6 Disemba
Drili! Nimemvalisha Suud kaptula yangu ya zamani, nikamtoa kichochoroni. Mikono juu! Panua miguu! Mara jirani yetu Mzee Ghanim huyo, bakora juu. Nilichokidaka katika Kiarabu chake: mapaja. Mapaja ya mtoto njiani, na watu wanakwenda kusali!

Unguja mwalimu wa drili mwenyewe alivaa kaptula. Huku kwa Waarabu tulikohamia ni kama nimemtoa mtoto uchi. Ningejuaje?

Shangazi kasikia yote. Suud kafurahi, mjinga yule. Mbio moja kwa moja hadi godoroni — basi hizo ndizo mbio zake za leo.

Jumatatu, 7 Disemba
Shangazi kahamishia mbuzi ya kukunia nazi mlangoni. Anakuna palepale, kaziba njia. Hapiti mtu.

Jumanne, 8 Disemba
Nimekaa darini kumchunguza Majid, mjukuu wa Mzee Ghanim. Rika moja na Suud. Anapandisha kanzu, anauma pindo kwa meno, anapanda jabali lililo mbele ya nyumba kama mbuzi. Pekupeku! Mbona hatelezi? Aliposhuka nikamwita, nikamshika unyayo. Mgumu kama kifuu. Akacheka, eti nnamtekenya.

Akaniuliza, yule mtoto wa dirishani ni mgonjwa au kafungwa? Nikamwambia sijui.

Kweli sijui.

Jumatano, 9 Disemba
Nimejaribu mwenyewe uani: kanzu menoni, mbio. Wallahi kazi! Ukipumua kwa mdomo, pindo linaanguka. Likianguka, na wewe unaanguka. Nikaanguka.

Suud kacheka mpaka kashika tumbo. "Kaka Thabit, unatoka mate kama ngamia!" Mtoto hana adabu. Akataka anioneshe. Akauma pindo, akazunguka kisima mara moja, mara mbili, kisha akashika ukuta, anahema, macho yanawaka. Shangazi akauliza kutoka mlangoni, vishindo gani hivyo? Nikasema paka.

"Paka anavaa kanzu?" Loo! Kumbe aliona.

Akaendelea kukuna.

Alhamisi, 10 Disemba
Suud hakuamka vizuri, magoti yanamuuma. Shangazi ananitazama tu. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 11 Disemba
Naandika darini. Baada ya chakula shangazi alilala. Majid akapiga mluzi chini. Suud akanitazama — mimi nikatazama pembeni. Akatoka!

Wako jabalini sasa. Watoto wenzake Majid wako juu kabisa, Suud nyuma ya wote, anashika mawe. Kakaa. Kasimama. Kakaa tena. Majid kashuka kumngoja.

Shangazi kaamka, kanikuta hapa juu. "Yuko wapi mwanangu?" Nikaonesha kidole. Akashika kifua. "Mwite! Mwite wewe, miye sauti hainitoki." Nikafungua mdomo. Akanishika mkono: "Ngoja kwanza. Kasimama. Nnamuona, kasimama."

Akashuka. Nikamwambia nitamfuata mimi, mie ndiye mwenye mbio. "Wewe linda nyumba," kasema.

Namuona chini pale. Shangazi yangu, asiyekwenda hata sokoni kwa miguu! Kakusanya baibui kwapani, anapanda. Suud hajamuona. Anakwenda kumrudisha? Au vipi?

Kapita jiwe kubwa la kwanza. Katelezaaa — hapana, kashika.

Bado hamwiti.