Mkaguzi Ana Zamu Yake

Tabora,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Mdogo wangu Zuena,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa najua hujaitoa. Marahaba. Ni miaka miwili sasa hupokei simu zangu, na kwa kuwa barua haina kitufe cha kukata, nimerudi kwenye kalamu. Natumaini mgongo umepata nafuu, na tumbaku yenu ya huko Urambo mmewahi kuikausha. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo unalijua vizuri kwa kuwa ni wewe uliyenisukuma kutoka juu ya mpera tukiwa watoto.

Nataka kukueleza juu ya kikundi ninachohudhuria kila Jumatano saa tisa alasiri. Kilianzishwa na muuguzi mmoja, Nyamizi, binti mpole lakini asiyeyumbishwa. Ni kikundi cha watu wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Usishtuke. Hakuna anayepiga kelele. Tunakaa kwenye viti vya plastiki, tunakunywa chai, na kila mmoja anaeleza wiki yake ilivyokwenda. Kanuni ni mbili tu: hakuna kumwambia mwenzio kwamba hasikii anachosikia, na hakuna kumshawishi mtu aache dawa zake. Mimi nimepewa kazi ya kuandika mahudhurio, kwa sababu ya mwandiko wangu.

Yupo mama mmoja, Adelina, anayeleta asali kutoka Sikonge kwa baiskeli. Yeye husikia sauti ya mwanamume inayomkosoa kila mteja: huyu bahili, yule atalalamika, huyu mwingine ana vidole vichafu. Siku moja sokoni alichoka, akaiambia kwa sauti ionje kwanza ndipo iseme. Mteja aliyekuwa mbele yake akadhani ameambiwa yeye, akachovya kidole, akanunua madumu mawili. Tangu hapo Adelina anasema huyo bwana wake angalau ameanza kufanya kazi.

Yupo pia Anton, fundi baiskeli, Mgogo wa Dodoma. Yeye aligundua kwamba ukiweka simu sikioni unaweza kuijibu sauti yako mitaani na hakuna atakayegeuka kukutazama. Ni mbinu nzuri, nasi sote tuliiiga. Tatizo ni kwamba siku moja alikuwa katikati ya kumkaripia mtu wake, na simu ikaanza kuita palepale sikioni. Wateja watatu wakabaki wanamtazama. Anton akawaambia kwa utulivu kwamba siku hizi mitandao ina mambo, akapokea. Alikuwa mkewe, akiulizia unga.

Ni huyu Anton aliyetupa dawa ambayo haimo kwenye vitabu vya Nyamizi. Unajua sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Wanafunzi wangu nilizoea kuwaeleza kwamba babu zetu wapagazi, wakitoka hapa na mizigo kwenda pwani, walilazimika kupita Ugogo penye shida ya maji. Waligombana visimani mwaka hadi mwaka, mpaka wakaona heri wataniane. Naam, nafupisha. Siku ya kwanza Anton aliponiona alisema hakujua kwamba Wanyamwezi wana kitu kichwani, hata sauti. Nikamjibu kwamba za Wagogo lazima zina kiu. Kikundi kizima kilicheka, na Nyamizi akamwaga chai.

Baada ya kicheko, Anton akatuuliza kwa nini tusizifanye sauti zetu kuwa watani. Mtani anaweza kukutukana hata msibani, nawe humkasirikii, unamrudishia. Lakini mtani hana mamlaka juu yako. Hawezi kukuamuru utoke nyumbani kwako, na akizidisha unamtoza kuku. Nyamizi alifikiri kidogo, akasema tujaribu, ila akaongeza jambo lake: kila sauti ipewe zamu, saa moja kwa siku, na ikija nje ya zamu iambiwe irudi baadaye. Amini usiamini, nyingi zinatii.

Sasa, Zuena, nimezunguka vya kutosha. Mahudhurio ninayoandika yana majina kumi na moja, na jina la nne ni langu.

Wangu alianza mwaka aliofariki wifi yako Mwanajuma, nyumba ilipokuwa kimya mno. Ana sauti ya yule mkaguzi wa shule aliyenikemea mbele ya darasa kule Kigwa, nilipokuwa mwalimu kijana. Hukagua kila kitu: chumvi ya mboga, kola ya shati, hata ninavyofunga mlango. Dawa nameza, zimempunguza, hazijamfukuza. Sikumwambia mtu. Mwalimu mstaafu aliyesomesha nusu ya mji huu, angeanzaje?

Ndipo ikaja harusi ya Najiat. Ulisimama kumpa binti yako nasaha, na mimi, mjomba mtu, nikasema kwa sauti ya darasani: "Kaa chini, umeropoka vya kutosha." Kisha wakwe zako, Wagogo wale, wakadhani nimeanzisha utani, wakashangilia, na mzee wao mmoja akanimwagia soda kichwani na kudai kuku. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wewe hukucheka. Dada na kaka si watani. Ulikaa chini bila kumaliza, na hujanisemesha tangu siku ile.

Maneno yale sikukwambia wewe, mdogo wangu. Mkaguzi alikuwa amesimama, akikosoa pilau, mahari na viatu vyangu, vyote kwa pamoja, juu ya maneno yako. Ulikuwa umefika pale ulipomtaja mama yetu, nami sikusikia ulichosema juu yake. Nilimwambia akae chini ili nikusikie.

Ningekueleza palepale, lakini niliona afadhali unihesabu mkorofi kuliko kunihesabu mgonjwa. Hilo ndilo kosa langu, na kwa hilo naomba radhi. Hilo la ukumbini nalo pia, maana masikio yako hayakuwa na namna ya kujua.

Jumatano ya wiki ijayo kila mwanakikundi anakuja na ndugu mmoja. Anton anakuja na mkewe, Adelina na mkwewe. Nyamizi aliponiuliza wangu ni nani, nilitaja jina lako kabla sijajua kama utakuja, na nimeshaliandika kwa wino.

Wasalimie shemeji na watoto, na Najiat umwambie mjomba anamdai picha. Mkaguzi anasema barua imekuwa ndefu na mistari inapanda. Nimemwambia sasa ni saa nane, zamu yake ni saa kumi na moja.

Ukija, njoo na yale maneno juu ya mama, uyaseme tena tangu mwanzo. Na ukinisikia namwambia mtu akae chini, usikae. Niulize kwanza kama ni wewe au ni yeye.

Ni mimi kaka yako,
Mabruki