Mjomba wa upande wa baba

Shoga yangu, niko stoo ya ofisi ya ustawi na yule binti aliyeokolewa kwenye lori bila karatasi yoyote, niliyempeleka kwa mama mlezi. Nimefunga kwa ndani.

Kuna mwanamume kaja kumchukua, ndiyo nikaagizwa nimlete ofisini. Eti ni mjomba wake, na wazazi wote wamefariki.

Haya. Nikamuuliza marehemu baba wa mtoto alikuwa nani. "Kaka yangu, tumbo moja."

Soma tena. Mjomba, halafu baba wa mtoto ni kaka yake. Tangu lini?

Bosi wala hakushtuka. "Mtoto hana cheti, tutambishia kwa kitu gani? Mpe aende naye."

Nikasema basi amsalimie mjomba wake kwanza. Mtoto akasogea, kainamisha kichwa.

"Shikamoo, dereva."